Uso au Mikono

"Unamwona vizuri, dada?" fundi aliuliza, na sekretari akaitikia kwa kichwa.

Kwenye skrini kubwa ya chumba cha mikutano, baba wa sekretari alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali ya mbali, akisubiri kuingizwa kwenye upasuaji. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu ndevu zake moja moja. Fundi alivimba kichwa kidogo.

"Lakini mikono inakwama," sekretari alisema.

"Mikono si kitu. Ngoja nikuongezee sauti."

"Baba ni kiziwi. Anaongea kwa mikono."

Fundi aliweka rimoti mezani, kisha akaichukua tena. Kwenye skrini mzee aliinua vidole, vikaganda hewani, halafu vikaibukia kifuani bila kupita popote.

"Mtandao wenyewe ndio huu," fundi alisema, safari hii kwa upole. "Haubebi vyote viwili. Nikiacha picha kali hivi, mikono inakatika. Nikilainisha mwendo, uso unaingia ukungu. Chagua wewe."

Sekretari alikuwa anautazama ule uso, lile kovu la kidevuni, jicho la kushoto lililolegea. Nyuma ya mzee, muuguzi alikuwa ameshainama kufungua breki za kitanda.

"Mikono," sekretari alisema.

Fundi akabonyeza. Ndevu, kovu na jicho vikayeyuka, na katikati ya ukungu mikono miwili ikaanza kuongea upesi upesi. Binti akainua yake.

Fundi, asiyejua hata ishara moja, akageukia ukutani ili asisikie.