Chuma Kilichovishwa Sanda

"Kile chuma cha nyonga bandia madaktari walichokutoa kiko wapi, mama?" aliuliza wakili Makame. "Namba iliyochongwa juu yake ndiyo kesi yenyewe. Bila hicho, waliokitengeneza kibovu watakana kuwa ni chao."

Bi Mashavu aliukaza mkono kwenye mkongojo wake. "Nilikizika."

"Ulikizika?"

"Kilikaa mwilini mwangu miaka minne, mwanangu. Kwetu kiungo kikikatwa huzikwa, hakitupwi. Nilikiosha, nikakivisha sanda, nikakilaza kando ya kaburi la marehemu mume wangu."

Wakili alifunga jalada lake. "Basi itabidi tukifukue."

Kesho yake asubuhi mchimba kaburi alianza kazi, huku Bi Mashavu na wakili wamesimama pembeni. Kila jembe lilipopiga, nyonga ya Bi Mashavu ilimchoma, kana kwamba anachimbwa yeye. Kifurushi kikatoka. Sanda ilikuwa na doa jekundu, bichi.

"Kutu!" wakili alisema kwa furaha. "Chuma kizima cha hospitali hakishiki kutu, mama. Tumewapata!"

Bi Mashavu alikipokea kifurushi kwa mikono miwili. Kilikuwa na joto, kama kilichotoka mwilini sasa hivi.