Ndugu wa Kumi na Wawili

Siku hizi daktari aliyesomea nje harudishwi tena darasani. Anapewa leseni akishatibu ndugu zake kumi na wawili ndani ya mwezi, kwa kuwa anayeaminiwa na wakwe zake, wageni watamwamini. Ni haki, sikatai. Zamani walisota miaka.

Mwanangu Mhina kasomea meno Algeria. Ametibu kumi na mmoja. Wengine walikuwa wagonjwa kweli. Shemeji yake kang'olewa jino lililoanza tu kubadilika rangi. Mwezi unaisha leo, na akikosa mmoja atasubiri miaka mitano.

Mchana tulikuwa tunakula makande, akanigeukia.

"Mama, lile gego haliumi?"

"Haliumi, baba. Ndilo pekee lililobaki la kutafunia."

"Hata kidogo?"

"Umeniuliza tangu Jumatatu!"

Mkewe akacheka, mdomo kaufumba. Nyumba nzima tunacheka hivyo sasa. Mjukuu wangu Mwanaidi, wa miaka sita, ndiye peke yake aliyecheka meno yote nje.

Mhina akaweka kijiko chini.

"Njoo kwa baba. Hebu fungua tena."

"Mwache mtoto ale," nikasema. Nikasogeza kigoda changu dirishani penye mwanga, nikafungua mdomo.