Mwanamke wa Kwenye Keria

Kila Jumanne Hermani alitandika ngozi ya kondoo kwenye keria ya baiskeli, akaifunga kwa mpira vizuri, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Ngozi ya nini, Baba Patriki?" mkewe Efrazia alimuuliza.

"Keria inachubua gunia la mahindi."

Lakini gunia alilibeba mbele, juu ya bomba la baiskeli, akaondoka nalo kwenda mashineni.

Efrazia alibaki ameshika ufagio. Tangu waoane, Hermani alikuwa amempakia kwenye baiskeli ile mara moja tu, siku ya harusi, tena juu ya chuma kitupu. Hakuna aliyefikiria ngozi.

Ubaya wote ulianza na barabara. Zamani njia ya kwenda Katesh ilipita mlangoni pake. Waenda kwa miguu waliomba maji ya kunywa, wenye baiskeli walipiga kengele, na yeye aliwajua wote kwa majina. Kisha likaja shamba la ngano la serikali na matrekta yake. Asubuhi njia ipo, jioni ni udongo uliolimwa. Ukikatiza, mlinzi anakukimbiza na rungu. Greda likachonga barabara nyingine ya kulizunguka shamba, imenyooka, pana, ya malori. Nayo ikaenda kupita wapi? Mlangoni pa Zita, mjane, mpika pombe, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo.

Mwendo wa nusu saa ukawa wa nusu siku. Hata kwa mama yake, ambako Efrazia alikuwa akienda na kurudi maharage yangali jikoni, hakuwa amefika tangu ngano ipandwe, na sasa ngano ilikuwa inafika kiunoni.

Hermani alirudi jua likizama, ametapakaa vumbi.

"Mashine ilikuwa na foleni?"

"Hapana. Barabara, Mama Patriki. Si unajua inavyozunguka."

Siku hizi barabara ilikuwa jibu la kila kitu.

Jumatatu iliyofuata jirani yake, Fabiola, alikuja kuomba moto, akakaa bila kuuchukua.

"Mwenzangu, sipendi maneno."

"Unayapenda sana. Sema."

"Jumanne nilimwona Baba Patriki kule barabara mpya. Nyuma kapakia mwanamke."

Efrazia aliendelea kupepeta mtama, ila ungo ulikuwa unamwaga. "Mwanamke gani?"

"Kajifunika khanga gubigubi, uso huuoni. Tena kakaa kaangalia nyuma, mgongo kwa mgongo. Hawasemezani hata neno."

"Labda wamegombana."

"Wagombane na wabebane? Hao wanaficha sura, dada yangu. Watu wazima wale."

"Ni Zita?"

"Mimi sijasema Zita," alisema Fabiola, akachukua moto wake akaenda.

Usiku ule Efrazia hakupata usingizi. Asubuhi alimwangalia mumewe akifunga ngozi. Baiskeli ilipopotea alifunga nguo zake zote kwenye shuka. Akimfuma, harudi tena kwa Hermani. Ataunganisha moja kwa moja mpaka kwao, hata kama ni nusu siku.

Alitembea pembeni ya barabara mpya, maana katikati hapakuwa pa mtu. Kila lori lilipopita alirukia mtaroni, likamwachia vumbi mdomoni. Alipofika kwa Zita, alikuta mlango una kufuli.

"Vizuri," alisema peke yake. "Vizuri kabisa."

Akajibanza ndani ya ngano, akangoja mpaka kivuli chake kikaisha.

Baiskeli ikatokea. Kweli mwanamke alikuwa nyuma, amejifunika khanga tangu utosini, ameangalia alikotoka, ametulia juu ya ngozi ya kondoo kama malkia. Efrazia aliona moto ukimpanda kifuani. Yeye amekanyaga mawe tangu asubuhi, mwenzake anabebwa!

Lori la ngano likaja nyuma yao likipiga honi, halikupunguza mwendo. Hermani alipinda kuelekea mtaroni, baiskeli ikalala, mwanamke akaanguka. Lori likapita zake. Wote wakawa weupe kwa vumbi.

Efrazia alingoja aone mumewe atakavyomkumbatia.

Hermani hakumkumbatia. Alisimama akampa mgongo, akanyoosha fimbo kwa nyuma, bila kumtazama, mwanamke akaishika ncha na kujivuta. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa bendeji mpaka gotini.

"Ona walivyo wanafiki," Efrazia alijisemea. "Hata kushikana mikono wanaogopa mchana. Na mguu mbovu hivyo, bado anafuata mume wa mtu!"

Akatoka kwenye ngano mbio.

"Leo nimewapata! Hermani, geuka! Geuka uniangalie machoni!"

Hermani hakugeuka. Alishusha kofia mpaka puani, akazidi kuangalia upande wa ngano.

"Mama Patriki, acha," alisema. "Nakuomba, acha."

"Unamtetea? Mbele yangu?"

Mwanamke aliishikilia khanga kwa mikono miwili. Efrazia aliivuta, wakavutana, harufu ya dawa ya zahanati ikamjia puani, akavuta tena kwa nguvu zake zote. Khanga ikamfuata mkononi.

Nguo zake zilizofungwa kwenye shuka zikamponyoka zikaanguka mtaroni.

"Shikamoo, mama," mdomo wake ulisema wenyewe.

"Marahaba. Mimi ndiye niliyemkataza kukuambia habari za mguu. Nifunike haraka, mwanangu, mkwe wangu asije akageuka."