Mwanafunzi wa Kupandikizwa

Binti alianza kulia hata kabla ya kuketi, na mshauri mpya wa masomo akajua papo hapo kwamba ndiye huyu.

Wenzake walikuwa wamemtonya mapema. Kabla ya kumthibitisha mshauri kazini, mkuu wa kitengo humpelekea mwanafunzi wa kupandikizwa, mtu aliyefundishwa cha kusema, kisha humuuliza alivyohudumiwa. Wawili walishafungashwa virago kwa mtindo huo. Na yeye alikuwa na mke mjamzito na kazi hii moja tu.

"Nimefeli, mwalimu. Narudia mwaka," binti alisema. "Nyumbani wanajua nahitimu."

Mtoto wa watu alikuwa ameiva kwa maigizo. Hata leso alikuja nayo, imepigwa pasi! Mshauri nusura acheke.

Siku nyingine angemsomea kanuni na kumwelekeza dirisha la pili. Leo alizima simu, akavuta kiti kutoka nyuma ya meza, akakaa karibu kama kaka mkubwa. Alimmiminia maji. Alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kila palipostahili.

"Namwogopa baba," binti alisema. "Akilisikia hili kwangu, sina tena nyumba. Na yuko getini sasa hivi, amekuja kuulizia mambo ya mahafali."

Getini, eti. Mtego huo. Mshauri aliuona, akaona na njia ya kuuruka kwa madaha.

"Basi asilisikie kwako. Mlete, nitamwambia mimi mwenyewe."

"Kweli, mwalimu?"

"Kweli kabisa."

Binti alifuta machozi, akainuka. Yamekauka upesi mno, mshauri aliwaza.

"Msalimie mkuu," alimwambia akicheka.

"Mkuu gani?"

"Haya, nenda. Umefanya kazi nzuri."

Alipobaki peke yake alijinyoosha kitini, roho kwatu. Akawasha simu. Haikuchukua muda ikaita. Alikuwa mkuu wa kitengo.

"Samahani, ndugu yangu. Leo nilikuwa nakuletea mtu wa kukupima, bila kukwambia. Kaamka anaumwa. Tufanye wiki ijayo."

Kabla hajajibu, hodi ikabishwa. Akaingia mzee wa kifua kipana, tabasamu sikio kwa sikio, binti amejibanza mgongoni kwake.

"Shikamoo, mzee," mshauri alisema, akiinuka.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alivuta kile kiti, akakaa. "Haya nambie, tunasherehekea lini?"