Honi Tatu za Itungi

Nilichochea pumba za mpunga mpaka maji yakaanza kunguruma ndani ya tangi, nikaweka mkono juu ya koki ya honi.

Injini yenyewe ya mvuke, niliyoiunda mwenyewe, haizidi kimo cha kuku. Silinda ni pampu ya baiskeli, mabomba ya shaba nimeyatoa kwenye friji bovu la Ipinda. Nimehangaika nayo uani miezi minane kwa ajili ya honi tu. Nilipokuwa fundi wa mitambo melini, kila tukikaribia Itungi nahodha aliniachia nipige mara tatu, na mke wangu Tusajigwe alikuja bandarini na kibuyu cha maziwa ya mgando. Sasa mwaka wa pili kumbukumbu zimempotea, ananiona mgeni.

Nikafungua koki. Honi ikalia mara tatu, nyembamba, lakini ile ile.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Tusajigwe akatoka mbiombio, kibuyu kitupu mkononi, uso umemchangamka.

"Tusa," nikamwita, nikinyoosha mikono yenye masizi.

"Nipishe, baba," akasema kwa adabu, macho yakitazama ziwani. "Mume wangu amefika."

Nikasogea kando.

"Ndaga," akanishukuru, akapita.