Kwato za Fahali

Mniwie radhi, hekaya hii huwa naiharibu, maana nacheka kabla Fahali hajaingia. Haya, kaingia.

Fahali aliapa kukomesha mbu shambani. Kila mvua ilipokatika alizunguka boma zima, kifua mbele, akiwaamuru wanyama wamwage maji ya vifuu na ndoo mbovu.

"Atakayekutwa na kiluwiluwi cha mbu, anahama," alinguruma.

Vyombo vikakauka, mbu wakazidi. Vifaranga wa Kuku wakavimba macho kwa kuumwa. Kuku akafuata njia ya Fahali, akaona kila alipokanyaga tope siku zilizopita pamebaki kishimo, maji yametuama, viluwiluwi vinacheza.

"Mzee Fahali," akamwita kwa adabu, "alama za kwato pana hivi ni za nani?"

Fahali akatutumua shingo. "Hapa shambani? Zangu tu, mama. Nani mwingine anaziweza?"

"Basi chungulia ndani."

Fahali akachungulia. Wanyama wote wakamtazama.

"Neno langu ni lile lile," akasema, kifua bado mbele. "Nahama. Ila nipitisheni kwenye mawe, nisije nikawachimbia madimbwi mengine njiani."