Fundi Bomba na Kilatini Chake

"Risasi," alisema Mwalimu.

"Pb," alijibu fundi bomba, ameketi wima kwenye kochi kama yuko kwenye chumba cha mtihani. "Plumbum."

"Zebaki?"

"Hg. Jina lake refu linanitatiza ulimi, Mwalimu, lakini maana ninayo: fedha ya majimaji."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kumi. Ile ya kwanza alikuja kuziba bomba lililovuja jikoni. Akiwa anafuta mikono aliiona chati ya elementi kwenye ukuta wa sebule, akauliza kwa nini risasi imeandikwa Pb, wakati jina lake halina p wala b. Mwalimu alikuwa amefundisha kemia miaka kumi bila kuulizwa swali zuri namna hiyo. Alimweleza kwamba alama kama hizo zimetoka kwenye majina ya Kilatini, na kwamba Warumi wa kale walitengeneza mabomba ya maji kwa risasi.

"Kumbe walikuwa mafundi wenzangu," alisema fundi. Akaomba arudi Jumamosi ijayo afundishwe alama nyingine.

Bomba halikuvuja tena, ila fundi hakukoma kuja. Alama moja kila Jumamosi, shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Chuma ni Fe, ferrum. Shaba ni Cu, cuprum. Walipofika kwenye sodiamu, Na, natrium, Mama yake Mwalimu alidakia kutoka kwenye cherehani yake pale dirishani:

"Hilo si ndilo magadi?"

"Ni ukoo mmoja, Mama," alisema Mwalimu.

Mwalimu hakuwa mtoto. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alijua kwamba mwanamume hasomi Kilatini kwa mapenzi ya Kilatini. Siku moja alimnong'oneza mama yake jikoni, "Huyu fundi ana lake jambo."

"Mwache asome," alijibu Mama, ameinamia sufuria. "Elimu haina mwisho."

Siku ya antimoni, ambayo alama yake ni Sb, Mwalimu alieleza kuwa stibium ni jiwe ambalo watu wa kale walilisaga wakajipaka machoni.

"Wanja," alisema fundi taratibu. "Na kweli unapendeza."

Mama, ambaye siku hiyo alikuwa amejipaka wanja kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe, alikata uzi kwa meno. Mwalimu aliuona ule wanja, akakunja uso. Hata Mama ameshaanza kujipamba kwa ajili ya mkwe! Mwalimu alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wawili, wote kwa sababu moja, na sasa ilimbidi amkatae wa tatu, mtu asiye na kosa lolote ila kupenda kujua. Wiki nzima alitafuta maneno yasiyoumiza.

Sasa alama zote kumi za Kilatini zilikuwa zimekwisha. Ya mwisho ilikuwa dhahabu, Au, aurum, na fundi aliitaja bila kusita. Kisha akaweka mikono juu ya magoti. Mama akainuka ghafla, akasema anakwenda kutazama birika, ingawa jiko halikuwa limewashwa.

"Mwalimu," fundi alianza, "masomo nimemaliza. Sasa nina neno."

"Neno lako nalijua, fundi." Mwalimu aliifumbata chaki kiganjani. "Wewe ni mtu mwema, na nyumba hii imekuzoea. Lakini naomba usinifikirie vibaya. Siwezi kuolewa nikamwacha Mama peke yake."

Fundi aliitazama chati, kisha mlango wa jikoni, ambako hakukusikika hata kijiko. Midomo yake ilicheza, kama mtu anayezuia kicheko mahali pasipofaa kucheka.

"Basi mmefanana mpaka majibu, mwanangu," alisema mwishowe. "Yeye naye aliniambia hivyohivyo: hawezi kuolewa akakuacha wewe peke yako."